Kitufe cha Bado Nasubiri

Jumatatu, saa mbili kasoro robo, fundi simu alipandisha mlango wa bati wa duka lake, akafuta kioo cha meza kwa kitambaa cha jana, akapanga bisibisi zake kwa ukubwa. Akamimina spiriti kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akaweka pembeni mswaki wa kusugulia kutu. Duka lenyewe halikuzidi upana wa mtu aliyenyoosha mikono. Upande mmoja lilipakana na duka la rangi, upande mwingine ukuta mtupu. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, na mtaa mzima ulimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu simu haikuwa ikikaa kwake zaidi ya dakika kumi.

Mteja wa kwanza alikuwa mshonaji nguo, mama mnene anayetembea na futi ya kupimia shingoni hata akiwa hashoni. Akaitua simu mezani.

"Fundi, hii programu ya hospitali inanichezea shere. Nikibonyeza tu, inajifunga."

Fundi hakuuliza programu gani. Hospitali ya macho iliacha kutumia daftari miaka miwili nyuma. Tangu hapo kila anayesubiri kupasuliwa jicho aliwekwa kwenye foleni ndani ya simu yake, na kila Jumatatu ilimpasa abonyeze kitufe cha kijani kilichoandikwa Bado Nasubiri. Asiyebonyeza Jumatatu tatu mfululizo huondolewa, maana hospitali huamini amepona au amekufa. Kitufe chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Aliyekibuni bila shaka alikuwa anaona vizuri sana.

Fundi akakibonyeza, maana ugonjwa wa simu lazima kwanza uuone mwenyewe. Programu ikajifunga. Mlangoni akawa amesimama mwanamke mzee, mwembamba, na kalamu nyekundu mkononi.

"Wa kwanza," akasema yule mzee.

Alikuwa mwalimu mstaafu, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa huo.

"Shikamoo, mwalimu. Sogea ndani kidogo, unaniziba mwanga."

Fundi akabonyeza tena. Programu ikajifunga tena, na nyuma ya mwalimu akasimama mwanamume mwenye povu la sabuni shavu moja na wembe mkononi. "Wa pili," akasema, kisha akauliza kama kuna kioo. Fundi akampa kioo cha simu iliyokufa, akamalizia kunyoa hapo hapo. Wa tatu alikuja na sufuria. Wa tano alikuja na fagio. Huyo alikuwa mfagiaji wa hospitali hiyo hiyo ya macho, na yeye pia alikuwa na mtoto wa jicho. Mshonaji aliwahesabu kwa kidole, akawa anauliza tu kila baada ya muda kama simu yake itawahi kabla ya saa nne, kwa sababu kuna mtu anafuata suruali.

Mara ya tisa fundi alipobonyeza, aliyetokea alikuwa mama yake mzazi, na shati jeupe la mtu, limelowa, begani.

"Wa tisa," mama akasema. Akanusa hewa. "Hii spiriti. Niko dukani kwako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kimbia nyumbani, nimeacha pasi ya moto juu ya meza."

Fundi akakimbia. Pasi ilikuwa imeshatoboa kola ya shati la karani mmoja, na meza ilikuwa inaanza kufuka moshi. Akaichomoa, akafungua dirisha, akarudi kazini.

Mama alikuwa dobi. Jicho la kulia lilikuwa limeshazima. La kushoto lilikuwa bado na mwanga kidogo, wa kutofautisha dirisha na ukuta na kuona kivuli cha mtu akipita. Daktari aliyempima alisema lisipopasuliwa kabla ya mwaka kwisha, nalo litamfuata mwenzake, na hapo hata miungu ya tiba isingelirudisha. Ulikuwa mwezi wa tisa. Nguo alikuwa anazitambua kwa vidole, madoa kwa kuyanusa, lakini pasi haina huruma na asiyeona. Kama jicho lingekwenda, na udobi ungekwenda, na mama hakujua kukaa bure.

Lakini foleni ilikuwa imewatendea mema. Siku mama anaandikishwa alikuwa wa arobaini na moja. Kisha ikawa simu yake inalia, mara nyingi siku ya Jumatatu, na ujumbe unasema: Hongera, umesogea mbele nafasi moja. Jioni fundi akirudi, mama humwambia kabla hata hajavua viatu: "Imelia leo. Mara mbili. Hawa madaktari wanajitahidi jamani." Na Jumatatu hizo huwaombea dua. Kidogo kidogo arobaini na moja ikawa thelathini, ikawa ishirini, ikawa tisa. Na simu ya mama, kwa kuwa ilikuwa ya kizamani na imejaa pomoni, haikuwahi kupokea toleo jipya la programu, ndiyo maana haikuwahi kugoma.

Jumanne watu wengine walileta simu zao, na wengine walibonyeza wakiwa majumbani, na kila programu ilipojifunga alitoka mtu na kuja kusimama mahali pake. Foleni ilipita mbele ya duka la rangi, ikakata kona, ikafuata ukuta wa karakana ya magari. Jioni duka likifungwa walikwenda makwao, na asubuhi ilipofika walikuwa wameshasimama, kila mtu nyuma ya mtu wake. Walianza kuja na vigoda. Wa pili alikuja akiwa ameshanyoa.

Fundi alifanya karibu yote anayoyajua, akaacha kufuta data kuwe kwa mwisho. Alizima simu ya mshonaji akaiwasha. Alipunguza picha ili kupata nafasi. Alilazimisha programu isimame akaifungua upya. Alijaribu mtandao wa duka, akajaribu mtandao wa jirani. Ikawa inafunguka vizuri, inaonyesha nembo ya hospitali, jicho lenye tabasamu, na ukigusa kitufe inajifunga. Mshonaji alikwisha kwenda kusimama wa mia moja na tatu, nyuma kidogo ya mlango wa karakana, na aliyefuata suruali alimfuata huko huko.

Jumatano mwenye duka la rangi akaja. Watu walimwita Bwana Rangi, na hata nywele zake zilikuwa na madoa ya rangi ya kijani.

"Mkono Mwepesi, mimi sina ugomvi na wagonjwa. Lakini wateja wangu wanadhani hii ni foleni ya rangi. Watu kumi na moja wamejipanga nyuma ya kipofu wa mia moja na ishirini wakitaka rangi ya dari. Nenda ukawapange upande wa pili, tafadhali."

Fundi akaifunga droo, akaenda kuwapanga. Alitembea na foleni yote, akiwagusa mabega, akiwasogeza ukutani, hadi akafika karibu na mwisho. Huko nyuma, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa ameketi fundi bomba mstaafu, mzee wa mikono mikubwa na kikohozi kikavu.

"Harufu ya spiriti," akasema mzee. "Ni Mkono Mwepesi huyo."

"Shikamoo, mzee. Wewe ni wa ngapi?"

"Wananiambia wa mia tatu na thelathini na nane. Nimeshangaa kidogo, basi tu. Siku ile hospitalini waliniandikia kwenye karatasi kabisa, wa nne. Mke wangu anayo mpaka leo, kaiweka kabatini."

Fundi akachuchumaa. "Uliwahi kuniletea simu?"

"Mwezi wa tatu, programu iliponigomea mara ya kwanza. Ukafuta data, ukaniandikisha upya. Ikafunguka pale pale. Nikamwambia mke wangu, yule binti ana mkono wa dawa."

"Na macho je, mzee?"

"La kushoto liliondoka mwezi wa nne, la kulia halikutaka kubaki peke yake. Sasa nasubiri kwa mazoea tu."

Aliyasema hayo bila kinyongo, akakohoa, akauliza kama ni kweli wanahamishiwa upande wa kivuli.

Hapo lazima ielezwe kazi ya fundi. Toleo jipya la programu lilipotoka, lilianza kujifunga, na yeye alikuwa wa kwanza mtaani kugundua dawa yake: ingia kwenye mipangilio, futa data zote, fungua upya, jaza fomu. Dakika sita. Wateja wake walikuwa hawaoni, kwa hiyo fomu aliwajazia mwenyewe: jina, mwaka wa kuzaliwa, jicho lipi. Programu ikafunguka, kitufe kikakubali, mteja akashukuru, wa pili akaitwa. Juu kwenye kona, kwa maandishi ya rangi ya majivu, ilikuwa inatokea namba mpya. Mteja hakuiona kwa sababu haoni. Fundi hakuisoma kwa sababu haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa ifunguke.

Akamwendea aliyeketi mbele ya fundi bomba, akamuuliza. Huyo zamani alikuwa wa kumi na saba. Aliyemtangulia alikuwa wa thelathini na tano. Mama mmoja mwenye mwana mgongoni alikuwa wa sita. Wote walikuwa na kumbukumbu nzuri ya duka lake, wengine wakamwonyesha kwa fahari simu zao, hazijawahi kusumbua tangu siku hiyo hadi majuzi. Wale ambao tangu mwanzo walikuwa nyuma ya mama yake hakuwahesabu. Waliokuwa mbele yake, na sasa wako nyuma, walikuwa thelathini na wawili. Arobaini na moja ukitoa thelathini na wawili inabaki tisa. Fundi aliitoa hesabu hiyo mara mbili, akitumia vidole.

Akarudi dukani taratibu. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, akisahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu, kwa kukisia.

"Mwalimu, wewe siku ya kwanza kabisa ulikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Na sasa?"

"Wa kwanza. Mwaka wa pili huu. Nimeshazoea."

Mfagiaji, wa tano kwenye foleni, alikuwa ameegemea fagio lake. "Kile chumba cha upasuaji nakifagia mimi kila Alhamisi," akasema. "Mashine imefunikwa shuka la bluu. Daktari wa kupasua aliondoka hata kabla hawajaleta hizi simu. Shuka lenyewe nalifua kila mwezi, linashika vumbi sana."

"Hukusema."

"Hawajaniuliza."

Fundi akaketi. Akajitafuta ndani, aone kama kuna hasira au kilio, akakuta ganzi tu, ile ya mkono uliolaliwa. Kulikuwa na simu tatu za kubadilisha vioo. Akazibadilisha zote. Mama yake, wa tisa, alikuwa hatua mbili kutoka mezani, kwenye kigoda, akikunja soksi za wateja kwa jozi na kuimba chinichini.

Jioni walipokuwa nyumbani, mama akipiga pasi kola kwa kutanguliza kidole na kufuatisha chuma nyuma yake, fundi akamwambia yote. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Alisema kwamba hospitali haijamwita mtu hata mmoja, na kwamba nafasi zote thelathini na mbili alizosogea mama ni yeye binti yake aliyezisogeza, kwa kuwarudisha nyuma watu waliomlipa wakamshukuru.

Mama akasimamisha pasi.

"Kumbe mimi nilikuwa nawaombea dua wale madaktari," akasema. "Kila Jumatatu."

"Ndiyo, mama."

"Na yule fundi bomba namsikia akikohoa huko nyuma. Nilidhani ni mtu mwingine anayekohoa kama yeye."

"Ni yeye."

Mama akalikunja shati, akaliweka juu ya mengine, akachukua jingine. Alipiga pasi mkono mmoja mzima.

"Kesho ufute na yangu."

"Mama, jicho lako."

"Jicho langu limefanyaje? Foleni haiendi popote. Nisimame mbele, nalinda nini pale?"

"Wanaweza kuleta daktari. Wakimleta, utakuwa wa tisa. Nikifuta, hakuna kurudi."

"Hao thelathini na wawili uliwaambia hivyo?"

Fundi aliona haya, haya ya kweli, ya mtoto, mpaka masikio yakamwaka. Mama akaendelea na mkono wa pili wa shati.

"Tena huko nyuma umesema kuna kivuli," akasema.

Alhamisi asubuhi, mama alikuja dukani na kigoda chake kwapani. Akamkabidhi binti yake ile simu ya kizamani, imefungwa kwa leso. Fundi akaingia kwenye mipangilio. Simu ikauliza kama ana uhakika. Hilo swali alikuwa ameshalijibu mara nyingi bila hata kulisoma. Leo alilisoma lote, neno kwa neno, likamchukua muda. Akabonyeza ndiyo. Akajaza fomu: jina, mwaka wa kuzaliwa, jicho lipi. Akaandika la kushoto. La kulia hakuliandika, fomu haikuwa na nafasi ya jicho lililokwisha. Kwenye kona ikatokea namba, naye akaisoma kwa sauti.

"Mia tatu arobaini na moja."

"Sawa," mama akasema, akanyanyuka, akaanza kwenda zake nyuma, mkono mmoja ukutani.

Simu ya wa kumi ikalia. Ikalia ya wa kumi na moja, ya wa kumi na mbili, na mlio ukashuka na foleni, ukapita duka la rangi, ukakata kona, ukaufuata ukuta wa karakana hadi mwisho. Simu mia tatu na thelathini na mbili. Wenye watoto waliwapa watoto wasome, wasio na watoto waliwauliza wapita njia. Hongera, umesogea mbele nafasi moja.

"Imesogea!" mtu akapaza sauti.

"Leo si Alhamisi? Ndiyo siku yao ya kupasua!"

Vigelegele vikapigwa. Watu walisimama, wakainua vigoda, wakapiga hatua moja mbele, wakaketi tena. Mshonaji alilia kwa furaha na kujifuta kwa futi. Bwana Rangi alitoka nje kupongeza, akampa mkono kila aliyekuwa mbele ya mlango wake. Watu walipishana na mama njiani, wakamwambia, bibi, unakwenda wapi, foleni inakwenda huku. Akawajibu kwamba amesahau kitu.

Simu ya mwalimu haikulia, wala za wale wengine saba. Mwalimu aligeuza shingo kusikiliza shangwe mpaka ilipokwisha, kisha akarudi kwenye gazeti lake. Mfagiaji aliomba alindiwe nafasi, akaenda kufagia chumba cha upasuaji.

Mchana hospitali ikawatumia wote ujumbe: Foleni inasonga. Tunawashukuru kwa subira yenu.

Fundi alipata ujasiri Jumamosi. Alikwenda nyuma, akapiga magoti mbele ya ndoo ya fundi bomba, akamweleza alichomfanyia. Akamwambia pia kwamba hakuna daktari.

Mzee akasikiliza hadi mwisho. "Lakini juzi si imesogea?" akauliza.

"Aliyetoka ni mama yangu, mzee. Yuko nyuma yako hapo."

"Mama yako yuko huku kwa sababu ya kivuli, kaniambia mwenyewe." Akapapasa hewani hadi akampata bega, akalipigapiga. "Usijitese, binti. Ile programu ilifunguka au haikufunguka?"

"Ilifunguka."

"Basi."

Akawaambia na wale thelathini na mmoja, mmoja mmoja. Walimpa pole kwa uchovu. Wengi walimwonyesha ujumbe wa hospitali.

Tangu siku hiyo fundi hafuti data ya mtu. Simu za hospitali anazirudisha kama zilivyokuja, na wateja wanasema mkono wake siku hizi umekuwa mzito. Bwana Rangi alichora mstari wa kijani chini, kutoka mlangoni kwa fundi hadi mwisho wa karakana, watu wasimame juu yake wasiharibu biashara. Mashine bado imefunikwa. Mwezi wa kumi na moja ulipokwisha, mama alikuwa haoni tena dirisha. Alilitaja jambo hilo wakati wa kula, kisha akaomba chumvi. Nguo sasa anafua tu, pasi anapiga binti yake baada ya kufunga duka.

Kila Jumatatu, saa mbili kasoro robo, kabla hajapanga bisibisi, fundi hupita kwenye foleni yote akiwabonyezea watu kitufe, asiondolewe mtu. Programu hujifunga, lakini hospitali huhesabu kwamba amebonyeza. Akifika mwisho humshika mama yake kidole cha shahada, akakiweka penyewe.

"Hapo?"

"Hapo hapo, mama."

Mama akabonyeza, na ya kwake nayo ikajifunga. Nyuma yake akawa amesimama mwanamume mwenye kijiko mkononi na uji kwenye ndevu, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua.

"Wa mia tatu arobaini na mbili," akasema.

Mama akasogeza kigoda chake kidogo, naye apate kivuli.